Simon Kimbangu: miaka 30 ya buloko, na safari ya kurudi Nkamba



Waliokuwa kwenye mkutano wa mwisho wanajua ginsi mambo yalivyowaka moto juu ya sanduku la matanga. Wengi wetu tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma tuliacha makaburi ng'ambo ya ziwa. Kuna aliyeacha mama Lugufu, kuna aliyeacha watoto wawili Nyarugusu. Wamoja walitaka sanduku lisaidie jamaa wenye kutamani kwenda kufuata mifupa ya watu wao. Wengine walisema pesa ni ya wazima kwanza, ni ya mabati, ni ya watoto wa shule. Tulibishana mpaka jua likaenda. Halafu mzee mmoja, ambaye alikuwa amechoka kutusikiliza, akatukumbusha kwamba nchi hii ina mtu aliyefia mbali kabisa na kwao, akiwa mfungwa, na akarudishwa. Na kwamba maelfu waliofukuzwa juu yake walirudi pia. Na kwamba katika gazeti letu hatujawahi kumwandika hata mara moja. Mzee alikuwa na haki. Basi tunamwandika leo.

Tunasema mapema, ili mtu asikasirike: chama hiki kina Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, Wakimbangu na wale wasioingia popote. Hatuhubiri. Mambo ya miujiza tunayaeleza ginsi waumini wake wanavyoyasimulia, na kila mmoja abaki na imani yake. Sisi tunamwangalia Kimbangu kama mtu aliyefungwa na kama baba wa watu waliohamishwa kwa nguvu.

Alizaliwa Nkamba, kijiji cha Bas-Congo, karibu na misioni ya Ngombe Lutete. Wengi wanahesabu mwaka 1887, wengine 1889. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na shangazi yake aliyeitwa Kinzembo. Alikulia katika wakati mbaya. Alipokuwa mtoto, nchi bado ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na Wakongo wa upande ule waliisha kubeba mizigo ya wazungu kichwani kutoka Matadi kwenda Stanley Pool, kabla reli haijamalizika mwaka 1898. Wengi walifia njiani. Mwaka 1908 Ubeljiji ikachukua nchi kutoka kwa mfalme, bendera ikabadilika, lakini kwa mtu wa kijiji kodi ilibaki kodi na fimbo ikabaki fimbo. Serikali yenyewe watu waliiita Bula Matari, mvunja mawe.

Misioni ya Ngombe Lutete ilikuwa ya Wabatisti wa Uingereza. Kimbangu alisoma pale, akajua kusoma Biblia kwa Kikongo, akaoa Marie Muilu, na wote wawili wakabatizwa siku moja, tarehe 4 Julai 1915. Mungu aliwapa watoto watatu wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda, huyu wa mwisho akiwa amezaliwa mwaka 1918. Kimbangu alitumika kama katekista. Hakuwa mutu mkubwa. Hakuwa chifu, hakuwa karani, hakuwa na mali. Alikuwa mwalimu wa kijiji mwenye Biblia yake, wa aina ambayo kila mmoja wetu amewahi kukutana naye.

Mwaka 1918 homa kubwa, ile iliyozunguka dunia nzima mwisho wa vita, iliingia Kongo na kuua watu wengi. Waumini wake wanasimulia kwamba katika siku hizo njo alianza kusikia sauti ikimwita aende kuchunga watu wa Mungu, na kwamba alikataa. Alisema hana elimu ya kutosha, wako wapasta. Sauti ikarudia. Akakimbia mpaka Kinshasa, wakati ule Léopoldville, akatafuta kazi kama vijana wengine. Haikumwendea vizuri, akarudi kijijini kulima. Sehemu hii tunaipenda, kwa sababu inaonyesha mtu ambaye hakutafuta ukubwa. Alijaribu njia zote za kutoroka.

Tarehe 6 Aprili 1921, wanasimulia, alipita kijiji cha jirani, akaingia nyumba alimolala mwanamke mgonjwa sana, akamwekea mikono kwa jina la Yesu, na yule mama akapona. Habari ikatembea. Katika majuma machache Nkamba ikajaa watu. Walikuja na vipofu, vilema, watoto wagonjwa kwenye machela, hata maiti. Walitoka vijiji vyote vya Bakongo, wengine walivuka kutoka Kongo ya Wafaransa na Angola ya Wareno, maana mipaka ile iliwekwa na wazungu lakini watu walikuwa wamoja. Treni zilizopita Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, zilijaa mpaka wakubwa wa reli wakalalamika.

Je, alifundisha nini? Hapa tukae kidogo, juu wengi wanafikiri alikuwa anawaita watu wachukue mikuki. Alifundisha kwamba waache nkisi, yaani dawa na sanamu za uganga, wazitupe au wazichome. Alifundisha mwanaume awe na mke mmoja. Alikataza ngoma za ovyo. Hayo matatu misioni zilikuwa zimeyapigania miaka 40 bila kufaulu, na sasa katekista mmoja asiye na mshahara aliyapata katika miezi miwili. Njia zilijaa nkisi zilizotupwa. Watu walikimbilia misioni za Waprotestanti kununua Biblia na vitabu vya nyimbo mpaka vikaisha.

Sasa mtu atauliza: kama ni hivyo, kosa liko wapi? Kosa lilikuwa hili, kwamba hakuomba ruhusa. Mtu mweusi alisimama mbele ya watu weusi akasema Mungu amesema naye bila kupitia kwa mzungu, wala padri wala administrata. Wafanyakazi waliacha mashamba na kazi za kampuni kwenda Nkamba. Wagonjwa walitoka hospitali. Wanafunzi wa dini waliwaacha mapadri. Na ginsi ilivyo kawaida, nyuma ya Kimbangu walisimama manabii wengine, bangunza kwa Kikongo, ambao yeye hakuwatuma, na wamoja wao walisema maneno makali: msilipe kodi, wazungu wataondoka. Maneno ya hao yote yaliandikwa kwa jina lake.

Mapadri walilalamika kwa serikali. Wamisionari Waprotestanti waligawanyika, wengine walimwogopa, wengine waliona kuna kazi ya Mungu ndani yake. Tarehe 11 Mei 1921 administrata Léon Morel alifika Nkamba kujionea. Alikuta umati unaoimba, nabii anayetetemeka akiomba, na watu ambao hawakumwogopa. Tunadhani hilo la mwisho njo lilimuumiza zaidi. Katika ripoti yake aliandika kwamba lazima kuchukua hatua, maana jambo hili likiachwa litazaa dini ya watu weusi wenyewe, nje ya mikono ya Wazungu.

Tarehe 6 Juni akarudi na askari kumkamata. Palikuwa fujo, risasi zikapigwa, askari wakapora vitu vya watu. Katikati ya fujo Kimbangu akatoweka. Kwa miezi mitatu alijificha, kijiji hadi kijiji, na hakuna aliyemuuza, ingawa serikali ilikuwa inatafuta kila nyumba. Sisi tuliowahi kufichwa na watu tusiojuana nao, tunajua uzito wa jambo hilo. Mwenye kumlalisha mtu anayetafutwa anaweka nyumba yake yote kwenye mizani.

Halafu, mwezi wa Septemba, alifanya kitu ambacho watu bado wanabishana. Alirudi Nkamba mwenyewe. Tarehe 12 Septemba 1921 akajitoa mikononi mwa askari, bila kukimbia, na akawaambia watu wake wasipigane. Waumini wanasema alifuata njia ya Yesu. Wengine wanafikiri aliona mateso ya vijiji vilivyomficha, akaamua yaishe. Sababu hizi mbili, kwa maoni yetu, hazigombani.

Aliwekwa mbele ya baraza la kijeshi kule Thysville, mkubwa wake akiwa komanda de Rossi. Hakuwa na avoka. Hatukosei tukisema hukumu ilikuwa tayari kabla ya kesi. Walimshitaki kuharibu usalama wa serikali na kuchochea chuki kwa wazungu. Hakuna mzungu aliyeuawa na watu wake. Hakuna bunduki iliyopatikana kwake. Tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa fimbo 120 na kisha kifo. Wasaidizi wake wakapata vifungo, wengine vya maisha.

Tunaomba msomaji asipite haraka kwenye hizo fimbo 120. Katika Kongo ya wakati ule fimbo haikuwa kitu cha hasira tu, ilikuwa chombo cha serikali, ilikuwa na sheria yake na hesabu yake. Wazee wetu wa Fizi na Uvira waliipata kwa kukosa kodi, kwa kutolima pamba ya kulazimishwa, kwa kuchelewa kwenye kazi ya barabara. Mtu alilazwa chini mbele ya jamaa yake. Anayejua hilo ataelewa kwa nini katekista aliyewaambia watu kwamba Mungu anawaona alionekana hatari kuliko mwenye mkuki.

Waprotestanti walikuwa kati ya walioomba ahurumiwe. Mwezi wa Novemba mfalme Albert I akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka mbali iwezekanavyo: Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,500 kwa mstari wa ndege kutoka Nkamba. Kwa njia za siku zile ilikuwa safari ndefu ya kupoteza mtu. Na kweli walitaka apotee. Kule Katanga hakuna aliyesema Kikongo cha kwao. Watu walisema Kiswahili, hiki chetu. Mtu wa Nkamba akazeeka katikati ya lugha yetu.

Juu ya miaka hiyo 30 kuna machache ya kusema, kwa sababu buloko haina habari. Alitumika jikoni ya gereza. Alikuwa mtulivu. Hakuandika kitabu, hakutuma barua za kuwasha watu. Mandela, ambaye dunia nzima inamjua, alikaa miaka 27. Tunakumbusha tu hesabu, maana watoto wetu shuleni wanajua ile ya Afrika ya Kusini kuliko ya kwao. Kimbangu alikufa Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri kama miezi mitano tu, na mitatu ya hiyo akiwa mafichoni, akafungwa miaka 30. Serikali ilifikiri jambo limeisha.

Lakini hapa njo hadithi inatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1921 na kuendelea, Bula Matari haikufunga mtu mmoja tu. Ilikuwa na sheria, ya tangu 1910, iliyoitwa relegasio. Kwa sheria ile administrata aliweza kumtoa mtu kwao na kumpeleka fasi nyingine ya nchi bila kesi, bila mwisho unaojulikana. Haikuitwa kifungo. Iliitwa kuhamishwa. Mtu anapata kipande cha ardhi, anaambiwa lima hapa, usitoke, jioni tutahesabu. Mara nyingi mke na watoto walifuata. Sisi tuliokaa kambini miaka 10 na zaidi tukisoma maelezo hayo tunaona kitu tunachokijua: kadi, hesabu, ruhusa ya kutoka.

Waumini wa Kimbangu walihamishwa kwa makundi. Walitupwa Lowa, kwenye mto juu ya Kisangani. Ekafera katika Équateur. Oshwe upande wa ziwa Léopold II. Kasaji katika Katanga. Kanisa lao linahesabu familia 37,000. Wanahistoria waliofungua karatasi za serikali wanatoa hesabu ndogo zaidi, ya maelfu machache. Sisi hatutaingia kwenye ugomvi wa hesabu. Tumeona sisi wenyewe ginsi karatasi ya ofisi inavyohesabu watu: anayezaliwa kambini bila karatasi hayuko, mke aliyefuata mume hayuko, mzee aliyekufa njiani hayuko. Na tumeona pia ginsi sisi wenyewe, tukisimulia, tunavyoongeza. Ukweli utakuwa katikati mahali fulani, na hata ule mdogo ni mwingi.

Hawakuwa peke yao katika zile kambi. Walikutana na watu wa Kitawala, ambao njia yao ilikuwa nyingine. Kitawala ilitoka kusini, ikaingia kwa wafanyakazi wa Katanga, ikapanda mpaka kwetu mashariki, na mwaka 1944 kule Masisi watu wake waliinuka na silaha chini ya Bushiri. Damu nyingi ilimwagika. Serikali iliwaweka wote kwenye daftari moja, wale waliopigana na wale walioimba tu. Kwa Bula Matari, mweusi anayesali nje ya misioni ni muasi, na mambo mengine hayakutazamwa.

Kumbe kwa kuwatawanya, serikali iliwasaidia. Ukitaka kuzima moto haurushi makaa kila upande wa nyumba. Mwanzoni jambo la Kimbangu lilikuwa la Bakongo tu. Mhamishwa aliyefika Lowa alijenga nyumba, akaota marafiki, akaimba jioni, watu wa fasi ile wakauliza anaimba nini. Watoto wake walisema lugha ya wenyeji. Imani iliyotaka kufungwa katika mkoa mmoja ikawa na mizizi Équateur, Maniema, Kasai, Katanga. Kanisa la leo lina waumini katika nchi nzima, na sehemu kubwa ya njia lilizopitia zilifunguliwa na waliofukuzwa.

Kule nyumbani, aliyebeba mzigo alikuwa Marie Muilu. Tunapenda kusimama kwake, kwa sababu magazeti mengi yanamtaja mume na kumpita mke kama vile anafagia uwanja tu. Mtoto wake mkubwa, Kisolokele, alichukuliwa na serikali mwaka 1921 akiwa wa miaka saba hivi na kupelekwa shule ya serikali Boma. Mume yuko Katanga, hatamwona tena nyumbani. Yeye mwenyewe alichungwa, kila mgeni wake akiulizwa. Na bado kwa miaka zaidi ya 30 watu walikuja kwake usiku, wakapata maneno, wakaondoka kabla ya jogoo. Waliokuwa wanasali walisali porini. Wengine walijiandikisha katika makanisa yaliyoruhusiwa, mchana wakiwa huku na usiku wakiwa huku. Jeshi la Wokovu lilipofika Léopoldville mwaka 1934, watu waliona herufi S kwenye nguo zao, wakaamua ni S ya Simon, wakajaa kule kwa maelfu mpaka wazungu wa jeshi lile wenyewe wakashangaa. Tukisoma hapo tunacheka kidogo, lakini ni kicheko cha mtu anayeelewa. Mwenye kunyimwa jina analitafuta hata kwenye shati la mwingine.

Mama Muilu alikufa tarehe 27 Aprili 1959, mwaka ule ule jambo lilipokuwa linafunguka. Miezi minane tu alikosa.

Maana mambo yalikuwa yamebadilika. Wale watoto watatu walikuwa watu wazima. Diangienda, mtoto wa mwisho, alisoma na akatumika katika ofisi za serikali ile ile iliyomfunga baba yake. Alijua ginsi karatasi zinavyotembea, nani anasaini nini. Miaka ya 1956 na 1957 Wakimbangu wa Léopoldville walianza kutoka mafichoni. Watu kama 600 walisaini barua kwa Gavana Mkuu Pétillon wakieleza kwamba wamechoka kukamatwa mmoja mmoja. Kama ni kosa kusali, basi wote wakamatwe pamoja, wako tayari. Kusaini jina lako chini ya karatasi kama ile, na anwani, mbele ya serikali iliyoweza kukuhamisha bila kesi! Serikali haikuwa na buloko ya kuwatosha, wala haikutaka dunia ione. Ikaanza kulegea. Tarehe 24 Desemba 1959, siku moja kabla ya Noeli, kanisa lao likatambuliwa kisheria.

Wahamishwa wakaanza kurudi. Hapa vitabu vinaandika mstari mmoja, walirudi, kisha vinaendelea na siasa. Sisi hatuwezi kuendelea haraka hivyo. Mtu aliyetolewa Bas-Congo akiwa na miaka 25 alirudi ana miaka 60. Shamba lina mtu mwingine. Nyumba ni kichaka. Wadogo zake hawamjui uso. Watoto wake walizaliwa Lowa, wanasema lugha ambayo bibi yao haielewi, na kijijini wanaitwa wageni. Wako waliobaki kule walikotupwa, kwa sababu walikuwa wameoa, wamezika, wamepanda michikichi. Na huyo naye hakukosea. Katika chama chetu wako walioacha mtoto mmoja Kigoma kwa sababu ana mume kule, na wako wanaowasema vibaya. Tunaomba maneno hayo yaishe.

Kisha wakamfuata yeye. Kaburi lilifunguliwa kule Élisabethville, na mwili wa Simon Kimbangu ukasafirishwa kuvuka nchi nzima, ile njia aliyopelekwa akiwa amefungwa. Tarehe 3 Aprili 1960 akazikwa tena Nkamba, kwao, mbele ya umati mkubwa, karibu miezi mitatu kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni. Waliorudi kutoka kambi walikuwa pale. Fikirini: mtu aliyepoteza miaka 30 ya maisha kwa ajili ya jina moja, na sasa anabeba mwenye jina. Waumini waliuita mji ule Yerusalemu Mpya, na mpaka leo watu wanakwenda huko kusali na kuchukua maji.

Hatutaki kumfanya malaika. Kanisa lililotokea lilijifunza haraka kuishi na wakubwa. Wakati wa Mobutu, makanisa mengi madogo yalipofungwa, lenyewe lilibaki kati ya machache yaliyokubaliwa na serikali, pamoja na Wakatoliki na umoja wa Waprotestanti, na halikupaza sauti sana juu ya yaliyowapata wengine. Mwaka 1969 liliingia katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu. Ndani yake pia kumekuwa na magomvi, hasa ya wajukuu, na mafundisho juu ya Kimbangu mwenyewe ambayo makanisa mengine hayayakubali. Hayo ni yao. Lakini waliofichwa usiku na waliofukuzwa wakisahau haraka ladha ya kufukuzwa, jambo hilo tunaona halali kulisema, maana hata sisi tumo hatarini.

Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima kwa ajili yake. Watoto hawaendi shule. Ukiwauliza kwa nini, wengi hawajui. Wazazi, waelezeni.

Sasa turudi kwenye sanduku letu. Mzee hakutuambia Kimbangu alirudishwa ili tukate shauri upande wake. Alituambia tukumbuke kwamba hata wale walichukua miaka tisa tangu kifo, na kwamba walianza kwa daftari. Kwanza walijua nani yuko wapi. Sisi hatuna hata hilo. Tuna makaburi ambayo hakuna aliyeandika. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliozika pale mwanzoni wanazeeka; wakifa wao, alama zimekwisha.

Komite imeamua hivi. Pesa ya matanga haitaguswa kwa safari yoyote mpaka mkutano mkuu ukae tena. Lakini daftari inafunguliwa sasa. Kila mwanachama aje na jina la marehemu aliyemwacha ng'ambo, mwaka wa kifo, kambi, kijiji au mtaa wa kambi, na alama yoyote anayoikumbuka: mti, jiwe, njia ya maji. Asiyejua kuandika atasaidiwa na vijana kila Jumamosi asubuhi baada ya mchango. Wasioamini kurudisha mifupa waandike pia. Kuandika hakulazimishi kitu. Na wale wenye watu waliozikwa njiani, si kambini, porini kati ya Fizi na ziwa, tafadhali msikae kimya mkifikiri hao hawahesabiki. Ukurasa wao uko, ni wa kwanza.